Maswali ya Wasomaji: Nani Aukague Mpango wa Usafiri wa Jimbo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mipango miji. Katika masomo yangu nimesoma kwamba mwaka 2019 bunge la jimbo la California, nchini Marekani, lilipitisha sheria ya kutaka mpango wa usafiri wa muda mrefu wa jimbo hilo utathminiwe nje ya idara iliyouandika. Idara hiyo ina wataalamu wake, hukusanya maoni ya wananchi, na huandika mpango upya kila baada ya miaka mitano. Je, jicho la nje linaongeza nini? Au ni yale yale ya nyani haoni kundule?

JIBU: Ndugu msomaji, methali yako ina ukweli wake, lakini hapa haitufikishi mbali, kwa sababu hata idara inayojikagua kwa uaminifu kabisa isingeweza kuyaona yote ambayo tathmini ile ililenga kuyaona.

Sheria ya shirikisho la Marekani hulitaka kila jimbo liwe na mpango wa usafiri unaotazama angalau miaka 20 mbele. Miji yenye wakazi zaidi ya 50,000 nayo hupangiwa na mashirika ya mipango ya kimaeneo, na California peke yake ina mashirika 18 ya aina hiyo. Tofauti kati ya ngazi hizi mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: mpango wa eneo lazima uonyeshe fedha za kutekeleza miradi yake zitatoka wapi, ilhali mpango wa jimbo haubanwi na sharti hilo. Ndiyo maana Mpango wa Usafiri wa California unaotazama hadi mwaka 2050, uliokamilishwa mwaka 2021, unaeleza malengo na sera bila kuorodhesha miradi itakayojengwa. Mtu anaweza kuusoma ukurasa kwa ukurasa, akaridhika nao, na bado asijue ni barabara gani itapanuliwa mwaka ujao.

Sheria ya 2019, inayojulikana kwa namba AB 285, ililikabidhi kazi ya tathmini Baraza la Mkakati wa Ukuaji la jimbo, chombo kinachowakutanisha wakuu wa idara mbalimbali za serikali, nalo likawatumia watafiti wa taasisi ya usafiri ya Chuo Kikuu cha California. Ripoti yao ilitoka Februari 2022. Hawakuishia kuuliza kama mpango umeandikwa vizuri. Walifuatilia fedha na miradi, wakaona kwamba miradi mingi iliyo njiani ilibuniwa miaka mingi iliyopita, wakati vipaumbele vilikuwa vingine, na inaendelea kusonga mbele ingawa malengo ya jimbo kuhusu gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, yamekwisha kubadilika.

Inawezekanaje? Tuchukue Kaunti ya Los Angeles. Mwaka 2008 wapiga kura wake waliidhinisha nyongeza ya nusu senti kwa kila dola katika kodi ya mauzo, kwa miaka 30, pamoja na orodha ya miradi ambayo fedha hizo zingegharamia. Mwaka 2016 wakaongeza nusu senti nyingine isiyo na tarehe ya kukoma. Orodha hizo zina reli nyingi, kwa hiyo sizitaji kwa kuzilaumu. Ninachosema ni kwamba mradi ulioahidiwa kwenye karatasi ya kura hauondoki kwa urahisi eti kwa sababu Sacramento, makao makuu ya jimbo, imechapisha mpango mpya. Ongeza hapo kwamba mahali pa kujenga nyumba huamuliwa na miji na kaunti, na sheria ya 2008 iliyoyataka mashirika ya kimaeneo yapange makazi na usafiri kwa pamoja haikuwanyang'anya mamlaka hayo. Idara ya uchukuzi ina kipande kimoja tu cha jambo hili.

Kuna pia suala la vipimo, ambalo binafsi naliona zito zaidi. Kwa miaka mingi makutano ya barabara yalipewa alama kuanzia A hadi F, kama mtihani wa shule, kwa kuhesabu sekunde ambazo gari linacheleweshwa hapo. Ukipima hivyo, dawa itakuwa kuongeza njia za magari, na mtembea kwa miguu anayevuka hana alama yoyote. Sheria ya 2013, iliyoanza kutumika jimbo zima Julai 2020, ilibadilisha hesabu za athari za mazingira zitazame jumla ya umbali ambao magari yanaendeshwa. Mradi uliofaulu kwa kipimo cha zamani unaweza kuanguka kwa kipimo kipya, na ni vigumu kwa ofisi iliyoutetea kwa miaka kumi kuwa ya kwanza kulisema hilo.

Usiuchukulie uhuru wa tathmini hiyo kuwa kamili, hata hivyo. Katika Baraza lile kuna kiti cha mkuu wa uchukuzi wa jimbo, na sheria ilidai ripoti ifikishwe bungeni bila kumpa yeyote mamlaka ya kufuta mradi.

Kwa utafiti wako, ningekushauri uweke mpango wa 2050 upande mmoja na orodha ya miradi iliyotengewa fedha upande wa pili, kisha kwa kila mradi mkubwa utafute mwaka ulipotajwa kwa mara ya kwanza. Mwaka huo mara nyingi haumo kwenye orodha yenyewe. Itakubidi uutafute katika tathmini za zamani za mazingira na kumbukumbu za vikao vya kaunti.