Deki haijafa rangi, mwalimu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Ujiji, Kigoma. Shemeji yangu amekuja likizo kutoka Uingereza akaniletea DVD ya Young Frankenstein, vichekesho vya zamani nilivyowahi kuviona nikiwa chuoni. Kuna mambo yananisumbua. Picha haina rangi kabisa, ila kwenye vitambaa na kuta za mawe vinatokea vimichirizi vya zambarau na kijani vinavyochezacheza. Kila ninaposoma habari za filamu hii wanasema ni dakika 106, lakini kwenye deki inaisha kabla ya dakika 102. Nahisi wamekata vipande. Tena picha hujifinya ikawa duara, ikafifia, ndipo linakuja tukio jingine. Deki yangu ya kwanza ilikataa diski hii, ya pili ya Kichina inaipiga. Fundi wa mtaani kasema saketi ya rangi imekufa, anataka 45,000. Kwenye deki nimehamisha mfumo wa picha kutoka PAL kwenda NTSC, mambo yakazidi kuharibika. Nipande treni nikuletee deki huko Tabora? Na kama diski ndiyo mbovu, nimwagize shemeji Blu-ray?

JIBU: Marahaba mwalimu. Nauli ya treni kaa nayo, na hiyo 45,000 usimpe mtu.

Filamu yenyewe haina rangi. Si kwamba ni ya zamani mno. Ilitoka mwaka 1974, wakati Hollywood ilikuwa imeshahamia kwenye rangi siku nyingi. Mel Brooks aliyeiongoza, na Gene Wilder aliyeiandika pamoja naye na kuigiza kama daktari anayeunda zimwi, walitaka iwe nyeusi na nyeupe kwa sababu walikuwa wanazitania filamu za kutisha za kampuni ya Universal za miaka ya 1930: Frankenstein ya 1931, Bride of Frankenstein ya 1935 na Son of Frankenstein ya 1939. Kampuni ya Columbia hawakukubali habari ya nyeusi na nyeupe, wakaihamishia 20th Century Fox. Kwa hiyo watu waligombana na kampuni nzima ili hiyo rangi isiwepo, halafu fundi wako anataka kuirudisha kwa bisibisi.

Kabla hujalipa fundi yeyote kwa jambo la rangi, fanya hivi. Washa deki bila diski. Ile nembo yake ya mwanzo, mara nyingi ya bluu, ina rangi au haina? Kama ina rangi, saketi ni nzima. Ukitaka kuhakikisha, weka diski ya kwaya au ya bongo fleva. Hapo hata mtoto wa darasa la tatu atakupa jibu.

Sasa hivyo vimichirizi vya zambarau na kijani. Hiyo ndiyo kasoro ya kweli katika barua yako, na haitoki kwenye diski wala kwenye deki. Inatoka kwenye waya. Nadhani umeunganisha kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Nyekundu na nyeupe ni sauti. Picha yote, yaani mwanga na rangi, inapita kwenye ule mmoja wa njano. Ni sawa na kubeba maji na mafuta ya taa kwenye dumu moja ukitegemea atakayepokea atavitenganisha. Katika mfumo wa PAL, rangi hupanda kwenye masafa ya kama megahezi 4.43. Mwanga wa picha nao, pakiwa na mistari midogomidogo iliyobanana, kama ufumaji wa koti au nyufa za ukuta wa ngome, unaweza kufika kwenye masafa hayohayo. TV ikiuona huo mstari mwembamba inadhani ni rangi, basi inaupaka. Kwenye filamu ya rangi huoni sana kwa sababu umejificha katikati ya rangi nyingine. Kwenye nyeusi na nyeupe hauna pa kujificha.

Dawa zake ni mbili. Ya bure: chukua rimoti ya TV, ingia sehemu ya picha, shusha rangi hadi sifuri. Filamu haina rangi, hakuna unachopoteza, na michirizi yote inakufa papo hapo. Kumbuka tu kuirudisha kabla ya taarifa ya habari, maana nyumbani watakulaumu wewe. Dawa ya pili ni kuachana na waya wa njano kama deki yako ina tundu la HDMI, au zile tundu tatu za picha za kijani, bluu na nyekundu. Humo mwanga na rangi havisafiri kwenye njia moja.

Na PAL na NTSC rudisha kama ilivyokuwa, au weka Auto kama deki ina chaguo hilo. Wengine wameandika Multi. Diski ya Uingereza ni PAL: mistari 576, picha 25 kwa sekunde. Ukiilazimisha deki itoe NTSC, inabidi ipunguze mistari hadi 480 na irudierudie picha ili zifike karibu 30 kwa sekunde. Deki za bei rahisi hufanya kazi hiyo vibaya, ndiyo maana uliona picha inarukaruka hasa kamera ikizunguka. Kwa wenzako wenye TV za chogo hali ni mbaya zaidi: chogo la PAL tupu likipewa NTSC huweza kupoteza rangi au picha ikapanda juu kama lifti. Wengi hupeleka TV kwa fundi kwa sababu ya kitufe kimoja cha rimoti.

Kuhusu dakika, hakuna kilichokatwa. Filamu ya sinema inakimbia picha 24 kwa sekunde. PAL inataka 25. Njia waliyozoea wenye kutengeneza diski za Ulaya ni kuikimbiza filamu nzima kidogo, picha 25 kila sekunde badala ya 24, na basi. Wewe ni mwalimu, piga hesabu: 106 mara 24 gawa kwa 25 unapata 101.76. Ndizo dakika zako. Sauti nayo hupanda juu kidogo, isipokuwa waliotengeneza diski wameishusha kwa makusudi. Mwenye sikio la muziki anaweza kuhisi Gene Wilder anapiga kelele kwa ufunguo wa juu kidogo. Mimi kwa filamu hii sioni shida. Akianza kupandwa na kichaa hakuna anayepima ufunguo.

Duara. Hili limenichekesha, samahani. Ile picha kujifinya ikawa duara jeusi, na ile nyingine ambapo tukio jipya linalisukuma la zamani pembeni, ni namna wahariri wa zamani walivyokuwa wakifunga matukio. Brooks alizirudisha kwa makusudi. Alienda mbali zaidi ya hapo: mitambo ya maabara, zile koili na vyuma vinavyorusha cheche, ni vifaa vilevile vya Kenneth Strickfaden vilivyotumika kwenye Frankenstein ya 1931. Mwenyewe alikuwa bado amevitunza. Kwa hiyo unapotazama tukio la kuliamsha zimwi, unaona vyuma halisi vya ile filamu ya kutisha vikifanya kazi ya kuchekesha. Hapo ndipo mahali pa kusimamisha diski na kuangalia kwa makini, si kwenye duara.

Na kwa kuwa umeshaanza kutafuta kasoro, nikuonye mapema ili usiniandikie tena. Farasi wanaolia nje kila likitajwa jina la Frau Blücher, yule mama mtunza ngome, si sauti iliyoingiliana kwenye diski. Kibiongo cha Igor, msaidizi wa daktari, kinachohama kutoka bega hili kwenda lile si kosa la wahariri. Marty Feldman aliyemwigiza ndiye alikuwa anakihamisha. Na sauti kutoka sawasawa kwenye spika zote mbili ni kawaida, filamu ilitengenezwa kwa mono, yaani sauti ya njia moja tu. Usiende kununua sabwufa kwa ajili yake.

Umbo la picha hukuniuliza, lakini nitalisema kwa sababu naliona kila siku hapa dukani. Deki nyingi za Kichina hutoka kiwandani zimewekwa 4:3, kipimo cha TV za chogo. Ukiichomeka kwenye bapa bila kubadilisha, picha hukatwa pembeni au TV inaivuta ipanuke, watu wote wanakuwa wafupi na wanene. Ingia kwenye mipangilio ya deki, sehemu ya aina ya TV, chagua 16:9. Kisha kwenye TV yenyewe zima ile ya kukuza picha. Filamu hii ina upana wa 1.85 kwa 1, hivyo itajaa karibu skrini nzima, na vimstari viwili vyembamba vyeusi juu na chini. Viache. Macho ya Marty Feldman yametoka vya kutosha, hayahitaji kupanuliwa na TV.

Ukipata nafasi ya kuziona zile za Universal, hali ni tofauti: zile ni karibu mraba, na nafasi nyeusi pembeni ni haki yake. Mtu akikwambia uvute ili ijae, mwambie Boris Karloff, aliyeigiza zimwi, alipakwa uso ule na fundi wa vipodozi Jack Pierce kwa mahesabu, si ili ubapazwe kama chapati.

Jambo la mwisho kwenye TV: zima kila kitu kilichoandikwa kwamba kinaboresha picha. Kile cha kuongeza weusi kinameza vivuli, na cha kuondoa chengachenga kinafuta chembechembe za filamu mpaka nyuso zinakuwa kama nta. Ukali wa picha shusha chini ya nusu. Mwanga urekebishe usiku, taa zimezimwa, kwenye tukio lolote la ngomeni: shusha hadi koti jeusi liwe jeusi, kisha pandisha kidogo mpaka uone mikunjo yake. Filamu za rangi zinavumilia uzembe huu, ya vivuli haivumilii.

Deki ya kwanza kukataa ni suala la kanda. DVD zimegawanywa kwa kanda duniani: Marekani ni 1, Uingereza ni 2, sisi Tanzania ni 5. Deki yenye kufuata sheria haipigi diski ya kanda nyingine. Hiyo ya Kichina imefunguliwa kanda zote, basi tumia hiyo.

Kama una muda wa filamu moja tu kabla ya kuirudia hii, tafuta Bride of Frankenstein, ni dakika 75 tu. Humo kuna mzee kipofu anayeishi peke yake msituni, analipokea zimwi, anamlisha, anamfundisha kuvuta sigara, na anamshukuru Mungu kwa kumpa rafiki. Tukio la huzuni kabisa. Kisha rudi kwenye diski yako umwone Gene Hackman akiwa kipofu yuleyule: anammwagia mgeni supu ya moto mapajani, na sigara ilipo mkononi mwa zimwi anawasha kidole gumba. Bila lile la kwanza utacheka. Ukiwa nalo utacheka huku unaona jinsi walivyolipanga upya, mwanga ulivyokaa, kibanda kilivyokaa. Nayo inaonekana tu kama umeshaweka mwanga wa TV yako vizuri.

Blu-ray ni nzuri kwa filamu hii, kwa sababu inaweza kukimbia picha 24 kwa sekunde, hivyo dakika zako 106 zitatimia na sauti itarudi mahali pake. Lakini deki ya DVD haiwezi kuisoma hata uisafishe lenzi vipi. DVD inasomwa kwa miale myekundu ya nanomita 650, Blu-ray kwa ya zambarau ya 405. Utahitaji deki nyingine. Kanda za Blu-ray ni herufi, na hapo tuko pamoja na Uingereza: Afrika ni B. Shemeji akinunua huko, aangalie herufi hiyo nyuma ya gamba.