Loji ya msituni: kabla ya kutia sahihi

SWALI: Mhariri, mimi na ndugu zangu tumerithi shamba la marehemu baba karibu na Gede, lenye mikanju na minazi michache, ambalo upande mmoja limepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Amekuja mwekezaji anayetaka kulikodi kwa miaka 30 ajenge loji ya kuhifadhi mazingira, mfano wa zile za misitu ya mvua ya Amazon, naye ametuonyesha picha za kupendeza. Ami yetu ameshakubali, lakini mimi nasitasita. Nitajuaje kama huu ni uhifadhi wa kweli au ni jina tu?
Msomaji, Malindi

JIBU: Umefanya vyema kusitasita, na ami yako mwambie kwa adabu kwamba zinazotiwa sahihi ni karatasi za mkataba, si picha. Kwa kuwa mgeni wenu ametaja Amazon, muulizeni habari za Posada Amazonas, loji iliyo kando ya mto Tambopata nchini Peru. Mwaka 1996 jamii ya Infierno, wenyeji wa huko, ilifunga mkataba wa miaka 20 na kampuni ya utalii, ambao uliipa jamii asilimia 60 ya faida na kampuni asilimia 40, na wanajamii wakawa na kamati yao iliyoshiriki katika maamuzi ya loji. Hawakukodisha ardhi wakabaki pembeni kungojea kazi ya kufua mashuka. Ikiwa ninyi mnaahidiwa kodi ya mwaka peke yake, basi alichokichukua Amazon mgeni wenu ni paa la makuti tu, na makuti sisi tunayo.

Tena huo wenu si msitu wa mvua. Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420, ni msitu mkavu wa pwani, na ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyosalia Afrika Mashariki. Kwa hiyo anzeni na maji: yatatoka wapi, je, kuna bwawa la kuogelea, na maji ya vyooni yataishia wapi, maana ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe hupitisha uchafu upesi, na hori ya Mida haiko mbali.

Ulizeni pia juu ya ufagio. Sisi watu wa pwani hatuoni raha kuamkia uwanja usiofagiwa, na mfanyakazi mwenye bidii atapitisha fagio la chelewa hadi kwenye vijia vya msituni. Lakini sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu ambaye wageni hutoka mbali kuja kumwona, hujenga kiota chake kwa majani makavu chini ya miti, na wadudu anaowala wamo humo humo majanini; anayefagia pale amembomolea nyumba na kumnyima chakula kwa mkupuo mmoja. Mwekezaji asiyelijua hilo hajaujua msitu anaoutangaza. Mtazameni vilevile anapojenga: chokaa iliyochomwa kwa magogo ya nani, na vinyago vya mti wa muhugu vya kupamba mapokezi, mti wake umekatwa wapi?

Mifano mizuri mnayo hapo hapo. Tangu mwaka 1993 wakulima wanaoishi kando ya msitu wamekuwa wakifuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo wa Gede na kuuza pupa wao (walio bado ndani ya ganda, kabla ya kutoka na mabawa) ng'ambo, na viingilio vya daraja la mbao katika mikoko ya Mida husaidia kulipa karo za watoto wa shule za sekondari. Takeni kifungu kinachoilazimu loji kuwapeleka wageni wake huko na kuajiri waongozaji wa vijiji vyenu, wale wajuao tawi analolalia bundi wa Sokoke mchana bila kumsumbua kwa sauti za kurekodi.

Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, kinachotakiwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999, kisomeni kabla ya kusaini. Miaka 30 naiona mingi mno. Ombeni 10, na hesabu za loji zifunguliwe mbele yenu kila mwaka. Na siku ya kwenda kwa wakili, dada zenu wawepo, kwa kuwa shamba hilo ni urithi wao pia.