Hesabu ya Jioni Bila Mapatano ya Asubuhi

SWALI: Ndugu wahariri, nauza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Tangu Kwaresima ya mwaka jana, kila usiku nikishalala najiuliza nimekosa wapi. Kosa langu kubwa ni hasira: kwa wateja, kwa watoto, hata kwa mama mkwe. Nalia, naomba msamaha, kesho yake ni yale yale. Mtu mzima anaweza kubadilika kweli?
Mama wa watoto wanne, Kadutu

JIBU: Anaweza, mama. Ila tazama biashara yako mwenyewe. Ukimpa mtu beseni la sambaza akakuuzie, mnapatana asubuhi: makopo mangapi, bei gani, faida igawanywe vipi. Msipopatana, jioni hamna hesabu, mna ugomvi tu. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara wa namna hiyo: kwanza upatane naye, kisha umchunge mchana kutwa, ndipo umhesabie. Wewe umeanzia mwisho.

Mapatano yawe madogo. “Leo sitakasirika” hayafai, kwa sababu hakuna ajuaye yalivunjwa saa ngapi. Chagua jambo ambalo sikio linaweza kulishuhudia: “Leo mteja akitaja bei ya chini mno, nitamjibu kwa sauti ile ile niliyomkaribisha nayo.” Liseme kwa mdomo kabla ya kufungua mzigo. Likae hilo moja mwezi mzima. La mama mkwe lingoje mwezi ujao. Wengi hukwama hapa: kila Jumatatu wanabadilisha kosa, na hakuna hata moja linalopata muda wa kulegea.

Mchana, fuata alichoshauri Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, hao hao ambao Bukavu inawajua kwa shule ya Alfajiri. Kila unapoanguka, weka mkono kifuani palepale. Hata katikati ya watu hakuna atakayegundua. Kisha tia nukta kwenye kaye, yaani daftari. Kila siku ina mistari miwili, mmoja wa asubuhi hadi adhuhuri, mwingine wa adhuhuri hadi usiku, kwa hiyo wiki ina mistari 14. Sokoni mikono imejaa vumbi la samaki na kalamu ni usumbufu. Tia punje 20 za maharage katika mfuko wa kulia wa aproni. Sauti ikipanda, hamisha moja kwenda kushoto. Adhuhuri na usiku hesabu za kushoto, andika nukta zake, kisha uzirudishe kulia. Usitegemee kumbukumbu. Usiku humkumbuki mteja wa saa tatu, unamkumbuka wa mwisho tu.

Huenda wiki ya kwanza nukta zikazidi ulivyodhani. Usishtuke: makosa hayajaongezeka, jicho ndilo limefunguka. Linganisha wiki na wiki, na uangalie nukta zimejazana wapi. Kama mstari wa asubuhi una sita na wa jioni una mbili, jiulize ulitoka nyumbani umekula nini. Kama zinafurika siku ya kutoa mchango wa likirimba, kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, kinachopiga kelele ni deni. Mara nyingine dawa ni kikombe cha uji kabla ya kwenda sokoni, wala si sala ndefu zaidi.

Jioni, usijihoji ukiwa umelala. Kitandani utashikwa na usingizi au na huzuni. Keti kwenye kiti, dakika kumi zinatosha. Kwa Ignatius shukrani hutangulia, ndipo kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha na kuazimia kesho. Tunakusihi usiruke shukrani. Mteja aliyelipa deni bila kukumbushwa, mtoto aliyechota maji bila kutumwa: wataje hao kwanza, dakika tatu nzima. Anayeanza na kosa huipitia siku yote akitafuta kosa.

Halafu samehe na ufunge. Seneca, mwanafalsafa wa Roma katika karne ya 1, alijihoji kila usiku taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza, maana mke aliijua desturi hiyo. Akikuta kosa alijiambia: angalia usifanye tena, sasa nakusamehe. Na alilitaja tendo lenyewe, kwa mfano kwamba alimwonya mtu kwa ukali hadi akamuudhi badala ya kumrekebisha. Hakusema “mimi ni mbaya.” Neno hilo halina pa kushika, kesho asubuhi utapatana nini nalo? Kama uliyemfokea ni mtoto, mwombe radhi yeye mwenyewe kabla hajaenda shule.

Machozi yakiendelea kila usiku, na usingizi na hamu ya bugali vikipotea kwa wiki mbili, simamisha hesabu hizi. Mwone paroko wako, na ufike kituo cha afya pia.

SWALI: Katika kanisa letu wanasema falsafa ni ya wapagani. Naruhusiwa kutumia njia ya Seneca?
Mwanafunzi, Bagira

JIBU: Soma Matendo ya Mitume, sura ya 17. Paulo akiwa Athene alijadiliana na Waepikureo na Wastoiko, makundi mawili ya wanafalsafa, na Seneca alikuwa Mstoiko. Katika aya ya 28 Paulo anatumia maneno ya washairi wa Wagiriki wenyewe kuhubiri. Tofauti ipo: Seneca alijihukumu na kujisamehe mwenyewe, wewe msamaha unauomba kwa Mungu. Basi chukua kwake maswali, na mahali pa jibu uweke sala yako.