Spika bila boksi, ubao uwe mkubwa kiasi gani?

SWALI: Kaka shikamoo, nipo Mbagala, nina spika mbili za inchi 12 nataka kuzifunga kwenye ubao mtupu bila boksi, fundi wa Keko anasema tukate duara litapendeza. Je, ni sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Duara hapana, hasa spika ikikaa katikati, maana sauti ya nyuma inazunguka kingo zote na kufika mbele kwa wakati mmoja, hapo utasikia sauti nyingine zimevimba na nyingine zimezama. Kata mstatili, spika isogee pembeni kidogo ili umbali wa kila ukingo utofautiane.

Upana ndo unaamua besi, coz ile sauti ya nyuma ikija mbele inaiua ya mbele. Ubao wa sentimita 60, besi inaanza kufifia chini ya hetzi 285 hivi (hetzi ni kipimo cha sauti, namba ikiwa ndogo ndo besi nzito zaidi). Ukitaka ifike 140 unahitaji kama mita 1.2, yaani upana wote wa plaiwudi ya futi 8 kwa 4, na vyumba vyetu vya kupanga unavijua! Mi ningebaki na 60 halafu niongeze mbawa za sentimita 25 zinazorudi nyuma kila upande, njia ya sauti inarefuka na nafasi hailiwi. Plaiwudi iwe ya milimita 18, na usiegemeze ukutani, acha kama mita moja nyuma.