Kwa Mnaoanza Kusoma Ini: Maswali ya Kuuliza Kuhusu Usafi wa Seli

Karibuni Kisumu, nyinyi mliokuja kusoma magonjwa ya ini, wa wodini na wa maabara pamoja. Wengi wenu mmefika mkiwa mmeshasikia habari za otofaji, ile kazi ya seli kukusanya vitu vyake vilivyochakaa, kuvifunga ndani ya kifuko cha utando na kuvipeleka kwenye lisosomu, vijifuko vyenye vimeng'enya, vikavunjwe. Na wengi mmeshaamua kwamba usafi huo ni mzuri popote ulipo, ukizidi ndiyo heri, na kwamba ini huugua kwa sababu usafi umepungua. Nawaomba muiweke kando imani hiyo mapema. Mkiletewa matokeo yoyote, ulizeni kwanza: ni seli gani, ugonjwa umefika hatua ipi, na je, mzigo ulivunjwa kweli au ulifungwa tu ukabaki pale pale?

Somo hili lilizaliwa ndani ya ini. Christian de Duve alikuwa akichunguza ini la panya alipoigundua lisosomu mwaka 1955, na mwaka 1963 ndiye aliyeipa otofaji jina. Mwaka 1967, yeye na Russell Deter walionyesha kwamba glukagoni, homoni ya wakati wa njaa, huichochea kazi hiyo katika ini la panya. Jeni zake zilikuja kujulikana baadaye kupitia hamira, kazi iliyompatia Yoshinori Ohsumi Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Someni kazi ya Ohsumi, lakini msiiruke ile ya ini. Humo ndimo mtakapoelewa kwa nini chakula kina nguvu kubwa hivyo juu ya usafi huu: mtu akishiba, insulini na asidi amino huuzuia, akikaa na njaa, kizuizi kinaondoka.

Kwa hiyo mkichukua ini la panya wa maabara, andikeni saa. Panya hula usiku. Ini la saa mbili asubuhi si sawa na la saa kumi jioni, hata kama panya ni ndugu wa tumbo moja na wamekula chakula kile kile. Nimeona daftari nzuri sana, zenye uzito wa kila panya na kipimo cha kila dawa, lakini saa ya mlo wa mwisho haimo. Matokeo ya namna hiyo mimi siyaamini.

Sasa magonjwa yenyewe. Katika seli kuu za ini, usafi huu kwa sehemu kubwa ni mlinzi. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba seli hizo huyavunja hata matone ya mafuta kwa njia hii, na ukiizuia njia hiyo mafuta yanajaa. Parasetamoli ikizidi kipimo huharibu mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na seli hujaribu kujiokoa kwa kuziondoa zilizoharibika. Pombe ina tabia mbili: katika majaribio ya wanyama, ya mara moja huweza kuuchochea usafi, ilhali ya miaka mingi huudhoofisha, kwa sababu lisosomu zenyewe zinachoka. Mkitazama kwa hadubini kipande cha ini la mnywaji wa chang'aa wa siku nyingi, huenda mkaona ndani ya seli zilizovimba vibonge vya rangi ya waridi, vimekunjamana kama kamba. Hivyo ni vibonge vya Mallory na Denk, marundo ya protini ambayo seli imeshindwa kuyaondoa, na ndani yake imo protini iitwayo p62. Shikeni jina hilo, tutalirudia.

Sogeeni hatua moja tu pembeni, kwenye seli nyota, na hukumu inageuka. Seli hizi hutunza vitamini A ndani ya matone ya mafuta. Ini likiumizwa, huyavunja matone yao kwa otofaji ile ile, hupata nguvu, kisha huanza kufuma kovu. Hapo usafi unaisaidia sirosi, yaani ini kujaa makovu. Virusi vya homa ya ini ya B navyo vimejifunza kuitumia mitambo hiyo ili vizaliane. Kwa saratani, mambo hutegemea wakati. Panya walioondolewa jeni za usafi kwenye ini hurundika p62 na kuota uvimbe, kwa hiyo mwanzoni usafi huzuia. Saratani ikishakua, seli zake huutumia usafi huo huo kupata chakula pale damu isipofika vizuri. Mtu akikwambia amepata dawa ya kuongeza otofaji kwa wagonjwa wote wa ini, mwulize anataka kuiongeza katika seli zipi.

Na jamani, si kila tumbo lililojaa ni habari ya otofaji. Huku kandokando ya ziwa tuna kichocho. Mayai ya minyoo hukwama kwenye matawi madogo ya mshipa unaoleta damu kwenye ini, kovu hujijenga kuyazunguka, shinikizo hupanda na mgonjwa hutapika damu. Mara nyingi seli zake kuu za ini bado zinafanya kazi vizuri. Msilazimishe somo lenu limeze ugonjwa ambao kiini chake kiko kwingine.

Nirudi maabara, maana hapa ndipo wageni wengi hupotea. Kipimo cha kwanza mtakachofundishwa ni westani bloti, njia ya kutenganisha protini kwa kuzikimbiza kwenye jeli na kuzihamishia kwenye karatasi ya utando zionekane kama mistari. Protini yenyewe ni LC3, ile inayoshikamana na vifuko vya otofaji. Mtaona mistari miwili. Wa juu ni LC3-I. Wa chini ni LC3-II, ambayo imefungwa kwenye mafuta ya utando wa kifuko na kwa hiyo hukimbia haraka zaidi ingawa ni nzito zaidi. Mstari wa chini ukikolea, mwanafunzi hufurahi na kuandika kwamba usafi umeongezeka. Sivyo lazima. Ukiona mifuko ya taka imejaa kando ya soko la Kibuye, huenda wafagiaji wamefanya kazi maradufu, au huenda lori halijapita tangu wiki iliyopita. Kuhesabu mifuko peke yake hakukuambii ni lipi kati ya hayo.

Dawa itakayowasaidia kupima, wazazi wenu wanaijua: klorokwini, ile iliyokuwa ikitibu malaria na kuwasha ngozi. Kwenye seli huizuia lisosomu isimalize kazi. Gawa seli zako, nusu uzipe klorokwini kwa saa chache, nusu usizipe. LC3-II ikipanda zaidi palipo na dawa, kazi ilikuwa ikiendelea. Isipobadilika, njia ilikuwa imeziba tangu awali. Pima p62 pia, kwani ikirundikana mara nyingi ni dalili kwamba mzigo hauvunjwi. Kwenye bloti, tumia karatasi ya utando yenye matundu ya mikromita 0.2, maana LC3 ni ndogo na hupenya. Na stima ikipotea sampuli zikayeyuka na kuganda tena, LC3-I huharibika kwanza, kwa hiyo uwiano wa mistari miwili utakudanganya. Gawa sampuli katika vichupa vidogo tangu siku ya kwanza.

Wa wodini, nanyi mtaulizwa. Binti anayemuuguza baba mwenye sirosi atakuonyesha simu yake: "Daktari, hapa wanasema baba akifunga siku tatu ini litajisafisha." Usimcheke, amesoma kwa sababu anampenda baba yake. Mweleze kwamba ini lenye sirosi halina tena akiba ya sukari ya kutosha. Usiku mmoja bila chakula humfikisha mgonjwa huyo pale ambapo mtu mzima wa afya angefika kwa siku mbili au tatu za njaa, na mwili huanza kula misuli. Misuli hiyo ndiyo inayosaidia kuondoa amonia, ile inayomvuruga akili. Anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Ndengu, mayai, maziwa na omena vyote vinafaa, chumvi iwe kidogo ikiwa tumbo lina maji. Kisha mwulize baba hula chakula cha mwisho saa ngapi. Akikujibu saa kumi na moja jioni, mwambie amwachie uji wa maziwa kwenye chupa ya chai, anywe saa tatu usiku kabla ya kulala, kila siku.