Steringi Kafa, Mwigizaji Yupo

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Jumapili iliyopita tulikuwa nyumbani Tabata tukiangalia Sholay, filamu ya Kihindi ambayo mjomba wangu haimchoshi. Jai alipopigwa risasi darajani na kukata roho nikasema, "Duh, steringi kafa." Mjomba, ambaye ni mwalimu mstaafu, akanikaripia kwamba hilo si neno la Kiswahili, na kwamba mtu aliyekwenda shule husema, "Muigizaji mkuu amefariki." Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliye sahihi ni wewe. Mjomba wako, pamoja na heshima yote ninayompa kwa miaka aliyoshika chaki, ameweza kuingiza makosa matatu katika sentensi ya maneno matatu, na kwa kuwa neno "mkuu" halina hatia yoyote, ina maana kwamba "muigizaji" peke yake limebeba mawili.

Neno lako halihitaji utetezi mrefu. "Steringi" lilishuka kutoka kwenye mabango ya sinema, ambako wenye Kiingereza chao huandika "starring" kabla ya jina la mtu anayeongoza uigizaji. Watazamaji wetu waliliona limekaa jirani na jina kubwa, wakalichukulia kuwa ndicho cheo cha mwenye jina, wakalipa irabu ya mwisho, nalo likaanza kazi ya kumtaja shujaa wa hadithi. Umbo lake halikuongezewa kiambishi, lakini kwa kuwa linataja kiumbe linafuata upatanisho wa viumbe, yaani steringi huyu amekufa, steringi hawa wamekufa. Wapo wanaoliandika "sterling" wakidhani wanalirudishia usomi wake, na hao nawakumbusha kwamba hiyo ni fedha ya Uingereza, ambayo hushuka thamani mara kwa mara lakini haijawahi kupigwa risasi darajani.

Kila aliyewahi kulipia nafasi kwenye benchi la kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea filamu, anaijua kanuni kwamba steringi hafi, na naomba uitazame sentensi hiyo kwa jicho la sarufi, maana imetengenezwa vizuri. Kitenzi -fa, ambacho katika "anakufa" hulazimika kubeba "ku" kwa sababu ni kifupi mno kusimama peke yake, hapa kimeitupa "ku" hiyo na kubaki na silabi mbili tu, "hafi", nazo zinatosha kusema kwamba hafi sasa, hafi kesho, na wala hatafia katika sehemu ya pili. Sholay ya mwaka 1975 iliivunja kanuni hiyo mbele ya kizazi kizima cha watazamaji wa mji huu. Nakumbuka tulivyotoka ukumbini tukibishana hadi kituo cha basi, wengine wakilia kwamba steringi kafa, wengine wakishikilia kwamba kwa kuwa Veeru, rafiki yake Jai, amebaki hai, basi steringi alikuwa Veeru tangu mwanzo na sisi wengine ndio tuliokosea kuhesabu. Hata Rambo, ambaye jina lake liliwahi kuwa jina la mfuko wa plastiki hapa nchini mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, anakufa katika riwaya ya mwaka 1972 alimozaliwa. Waliotengeneza filamu yake ya kwanza walikipiga picha kifo chake, kisha wakakiacha, na hivyo wakaiokoa kanuni ya vibanda vyetu bila kujua kwamba ipo.

Sasa nije kwenye linalonikera, ambalo mjomba wako ameniletea mlangoni bila kuitwa. Nani aliyekufa pale darajani? Aliyekufa ni Jai. Jai ni mhusika, yaani mtu wa kubuni ambaye hadithi inamhusu, na neno hilo linatokana na kitenzi -husu tulichokipata kutoka Kiarabu. Mwigizaji ni mtu mwingine kabisa: kitenzi ni -iga, kikazaa -igiza, kikazaa mwigizaji, mtu ambaye kazi yake ni kuiga alicho mwingine, na miongoni mwa mambo anayoyaiga kwa malipo ni kufa. Anapoanguka, anaiga kuanguka. Anapokata roho, anaiga kukata roho, kisha mwongozaji anasema imetosha, naye anainuka, anajifuta vumbi na kuulizia chakula. Mwigizaji wa Jai alikuwa Amitabh Bachchan, na huyo alikuwa bado anaonekana katika filamu mpya mwaka 2024, karibu miaka 50 baada ya mjomba wako kumfanyia matanga.

Mtu atasema kwamba ninakuza jambo dogo kwa kuwa kila msikilizaji anaelewa kilichokusudiwa. Haelewi, na ushahidi ninao. Siku moja nilipanda daladala kutoka Makumbusho kwenda Kariakoo, nikakaa nyuma ya kijana aliyekuwa akizungumza kwa simu na mwenzake kwa sauti ambayo hata kondakta hakuhitaji kuisogelea. "Mwigizaji mkuu amefariki," akasema, "tena amefariki vibaya, kachomwa kisu na rafiki yake." Mama mmoja aliyekuwa pembeni yake akashika mdomo kwa ncha ya khanga na kuuliza, "Nani tena, jamani?" Kijana, akiwa bado na simu sikioni, akamjibu kwamba jina lake limemtoka ila ni yule mrefu. Aliposema "yule mrefu" basi zima likaanza kufikiria warefu wote wa Bongo Movie. Tulipofika Morocco abiria wanne walikuwa wanapekua simu zao, na mzee mmoja wa mbele alikwisha kusema kwamba alimwona marehemu juzi tu akiwa mzima wa afya. Tulikuwa tunaikaribia Kinondoni ndipo kijana alipokata simu, akawageukia na kueleza kwa mshangao wa kweli kwamba alikuwa anasimulia filamu. Yule mama hakumtukana, kwa kuwa alilelewa vizuri, lakini alimwangalia kwa namna ambayo natamani ingewekwa katika kitabu cha sarufi.

Na lile lilikuwa eneo baya la kufanyia kosa hilo. Katika makaburi ya Kinondoni amelala Steven Kanumba, aliyefariki dunia tarehe 7 Aprili 2012, na aliyekuwa hapa mjini siku zile anakumbuka umati uliofurika viwanja vya Leaders kumuaga. Ule ulikuwa msiba wa mwigizaji, na hakuna aliyeurudisha nyuma ili autazame tena. Mtu aliyeishi siku zile akasikia kwenye basi kwamba mwigizaji mkuu amefariki, hawezi kulaumiwa akidhani ameambiwa habari ya msiba, kwa sababu ndivyo maneno yale yanavyosema.

Kama mjomba wako anataka mfano wa Kihindi, ninao, na ni wa Bachchan huyohuyo. Mwaka 1982 alipokuwa akiigiza mapigano katika filamu iitwayo Coolie aliumia tumboni vibaya sana, akalazwa hospitali akiwa kati ya uhai na mauti. Katika hadithi iliyokuwa imeandikwa, mhusika wake alipaswa kufa mwishoni. Mwigizaji alipopona, hadithi ikabadilishwa, na filamu ilipotoka mwaka 1983 mhusika naye alibaki hai. Sasa mpe mjomba kazi hii ya nyumbani: aisimulie habari hiyo yote kwa kutumia neno "mwigizaji" peke yake, bila "mhusika" wala "steringi". Atajikuta anasema kwamba mwigizaji mkuu alikuwa afariki, lakini kwa kuwa mwigizaji mkuu hakufariki, basi mwigizaji mkuu hakufariki. Nami nitampa alama zote akimpata mtu mmoja wa kumwelewa, hata huko Tabata.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mjomba ni mwalimu. "Mhusika mkuu" si istilahi iliyofichwa kabatini. Imefundishwa katika fasihi kwenye shule zetu za sekondari miaka nenda rudi, na wanafunzi hukatwa alama kwa kuisahau. Inakuwaje mtu aliyewakata watoto wa wenzake alama kwa kosa hilo arudi nyumbani, avue viatu, akae mbele ya televisheni na kulifanya yeye mwenyewe, tena kwa kumkaripia aliyepata?

Kuhusu "amefariki" sitakaa sana. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kutengana, ndiyo maana wenye lugha yao husema kwa ukamilifu "amefariki dunia", ameachana nayo. Ni neno la adabu, tunalolitumia kwa sababu marehemu ana ndugu na maneno yetu yatawafikia. Jai hana shangazi Magomeni wa kukasirika akisikia kwamba Jai kafa. Kwa mhusika, "kafa" linatosha, ingawa sitamgombeza anayesema "amefariki" kwa sababu tu moyo wake ni laini; kuna filamu ambazo mimi mwenyewe zimenifanya nishuke hadi kwenye neno hilo.

Limebaki "muigizaji", na hapa nakiri nimechoka. Kiambishi mu- kikikutana na irabu i hugeuka mw-, ndiyo sababu tuna mwimbaji na mwizi, na sijapata kusikia mtu akipiga kelele za "muizi" Kariakoo hata akiwa ameporwa mkoba. Kwa nini mwigizaji peke yake anyimwe haki ambayo hata mwizi anaipata, sijui. Zamani nilikuwa naandika barua kwa wenye magazeti kila nilipoliona. Siku hizi nalisahihisha kwa kalamu pembeni mwa gazeti langu mwenyewe, kisha nageuza ukurasa.

Usimsomee mjomba majibu haya kwa sauti. Kwa jinsi ulivyomweleza, hautapita mwezi kabla Jai hajafa tena sebuleni kwenu, jambo ambalo Bachchan hawezi kulifanya. Siku hiyo mpelekee chai kwanza, umwamkie, umwache alie kidogo kama kawaida yake, kisha useme taratibu, "Mhusika mkuu kafa, mjomba." Akikuitikia, "steringi" lihifadhi kwa ajili ya wenzako wa benchi.