Kwa bandogo yangu benye banaanza kazi ya majiwe ya rangi hapa Lubumbashi

Ukianza leo kutengeneza pete na mikufu ya majiwe ya rangi, kitu ya kwanza utasikia ku bakubwa ba kazi ni maana: rubi, ile nyekundu, ni mapendo, safiri, ile ya buluu, ni uaminifu, ile ya kijani ni uzima. Ni kweli, maana njo inauzishaka jiwe, sitakudanganya. Lakini mi nakuomba, mbele ya kujifunza maana, jifunze kwanza jiwe iko nguvu gani, juu kiliya anasikiliza maana ile siku moja anatoa mafranga, kisha anabaki na jiwe ku kidole anaosha nayo masahani, anafua nayo, anapakata nayo mutoto.

Mwaka yangu ya kwanza niliuzishaka pete ya malakiti, ile jiwe ya kijani ya hapa kwetu, ku mama moja. Nikamuelezea muzuri namna kule Ulaya zamani balikuwa banavalisha batoto malakiti juu ya kubalinda na jicho mbaya, akafurahi sana, ye alikuwa anajifungua tu juzi. Wiki tatu haijaisha akarudi, jiwe imekuwa nyeupe-nyeupe sawa chaki, na ye anafikiri nilimupatia plastiki. Haikuwa plastiki, ilikuwa malakiti ya kweli ya Kolwezi. Alikuwa anafua nepi nayo mu maji ya javeli, na mi sikumuambiaka kitu. Nilimurudishia mafranga yake yote, na tangu ile siku nikiuzisha malakiti nataja javeli kwanza, jicho mbaya inakuja nyuma.

Kuko eshele moja inaitwa Mohs, inapima jiwe gani inakwaruza ingine, kutoka 1 mpaka 10. Almasi 10, rubi na safiri 9, ametisti 7, malakiti iko pa 3.5 mpaka 4 tu. Shika namba 7, juu vumbi inakuwa na kwarzi ndani, ile jiwe ngumu ya mu muchanga, na kwarzi ni 7, sasa waza vumbi yetu ya wakati ya kipwa! Jiwe yenye iko chini ya 7 ukiipangusa tu na kitambaa kikavu chenye vumbi unaikwaruza. Kwa hiyo malakiti weka ku shingo ao ku masikio, na kama mutu anataka pete kabisa, tengeneza ukingo ya fedha yenye inapanda juu ya jiwe, na umuambie atoe pete mbele ya kupika na ndimu ao kupaka malashi.

Nakaa sana ku malakiti juu ni jiwe yetu. Rangi yake ya kijani inatoka mu shaba, ni ile ile shaba ya hapa, na bankambo betu balikuwa banayeyusha hii jiwe na makaa ya miti mpaka inatoa shaba, banamwanga misalaba ya shaba, ile yenye iko mitatu ku bendera ya Katanga ya 1960. Bamisri ba zamani balisaga malakiti banapaka ku macho, na ku Saint Petersburg kule Urusi kuko salle nzima mu jumba ya bafalme yenye nguzo zake zimevikwa malakiti ya milima ya Ural. Kiliya wa Ulaya akikuuliza maana muelezee hata ile, lakini muelezee ya shaba pia, mi naona njo maana yenye inagusa sana, kuvaa kitu yenye imetoka mu bulongo yenye umesimama juu yake.

Ya bandia utaijua: inakuwa nyepesi, haina baridi ku shavu, na mistari yake inafanana kila fasi. Ya kweli iko nzito, baridi, mistari inazunguka vile inataka.

Sasa majiwe ya nguvu. Rubi na safiri ni jiwe moja, korundo, rangi tu njo inabatenganisha, krome inafanya nyekundu, chuma na titani zinafanya buluu. Safiri imebeba uaminifu na batu bengi banaitafuta kwa posa tangu Charles wa Uingereza alimuvalisha Diana pete yake mu 1981. Rubi ni mapendo na nguvu, lakini chunga, kila jiwe nyekundu si rubi. Ile jiwe kubwa nyekundu ku taji ya Uingereza banaiitaka Rubi ya Black Prince, kumbe ni spineli, jiwe ingine kabisa, na ilidanganya bafalme miaka mingi. Kama bafalme balidanganyika, na weye mutu akikuletea "rubi" kubwa bei ya chini unajua la kufanya: inaweza kuwa grenati, jiwe ingine nyekundu, inaweza kuwa chupa, na chupa ukiangalia na lupu, ile kioo ya kukuzisha, mara mingi utaona mapovu madogo ndani.

Zumaridi haiko mbali, ukivuka Kasumbalesa kule Zambia kuko mgodi ya Kagem karibu na Kitwe. Banasema ni tumaini na uzazi. Iko ngumu kidogo kupita kwarzi, lakini ndani yake mara mingi kuko nyufa na banaijaza mafuta, kwa hiyo maji ya moto hapana, mashini ya kusafisha kwa kutetemesha hapana.

Ametisti ni ya bapadri bakubwa, pete ya askofu mara mingi ni ile, na jina yake mu Kigiriki ni kusema "haileweshe". Bei yake ni rahisi, anza nayo kujifunza kukata. Usiiache pa jua siku nyingi, rangi inapotea.

Ile liste ya majiwe ya mwezi ya kuzaliwa, Mei zumaridi, Februari ametisti, ilipangwa na bauzishaji ba bijuu ba Marekani mu 1912. Mi naitumia, bakiliya banaipenda, ila siiite siri ya zamani.

Tena hapa kwetu mukiliya atakuuliza tu: "Hii haiko na dawa ndani?" Usikasirike. Mi najibu hapana mama, ni jiwe tu, hata kifuani kwa Haruni kulikuwa majiwe kumi na mbili, soma Kutoka 28. Nasema "batu banasema inaleta amani", sisemi inaponyesha, mutu mugonjwa aende ku hospitali.

Na ile vumbi ya malakiti, ndogo yangu, usiivute. Kata jiwe mu maji, funga pua na maski ya kweli si kitambaa, badilisha nguo mbele ya kuingia mu nyumba yenye kuko batoto.